Shajara ya mradi: mihadhara na warsha za taaluma kwa watafiti wa sayansi ya data, Februari hadi Julai 2025

8 Februari 2025

Mradi umeanza rasmi leo, ingawa maandalizi yake yalichukua sehemu kubwa ya muhula uliopita. Walengwa ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapa Dar es Salaam ambao utafiti wao unategemea ukokotozi. Wapo wa takwimu na wa sayansi ya kompyuta, kama inavyotarajiwa, lakini wapo pia wa jiografia wanaochambua picha za setilaiti, wa baiolojia wanaosoma mfuatano wa vinasaba, wa epidemiolojia, wa demografia, wa uchumi, na mmoja wa isimu anayekusanya sauti za wazungumzaji wa Kiswahili. Idara zao hazikutani. Kila mmoja amejifunza kuandika programu kwa kuhangaika peke yake usiku, na wengi hawajui kwamba mwenzao wa ghorofa ya pili amekwama pale pale walipokwama wao.

Kabla ya kupanga ratiba niliwaomba waliojiandikisha waniletee wasifu wao wa kuombea kazi, nami nikausoma wa kila mmoja kwa muda wa siku tatu. Karibu kila wasifu una mstari wa ujuzi wenye majina ya lugha za kompyuta Python, R na SQL, yakifuatiwa na maneno "ujifunzaji wa mashine" (kuifundisha kompyuta kwa mifano ya data), na ni nadra sana kukuta unaoeleza mwenyewe aliuliza swali gani, alipata jibu gani, na mtu mwingine anawezaje kulihakiki jibu hilo. Mwajiri anayepokea wasifu wa namna hiyo anafanana na mtu aliyeletewa fundi seremala mwenye msumeno na randa nzuri, lakini asiye na hata kigoda kimoja cha kuonyesha kwamba amewahi kukitengeneza.

Ratiba ya awali ina mihadhara sita na warsha tatu, zote Jumamosi asubuhi. Fedha tulizopewa zinatosha chai, nauli za wasemaji na bando la intaneti, basi.

22 Februari

Mhadhara wa kwanza umefanyika na sikuridhika nao. Msemaji, ambaye anafanya kazi katika taasisi moja ya fedha, alikuja na nia njema na maandalizi mengi, lakini saa nzima ilipita akieleza historia ya taasisi yake, idadi ya matawi, na umuhimu wa data katika dunia ya leo. Wanafunzi waliandika kwa bidii mwanzoni, kisha kalamu zikawekwa chini moja baada ya nyingine. Ilipofika zamu ya maswali, swali lilikuwa moja tu kwa sura tofauti: nafasi zipo? Naye hakuwa na mamlaka ya kulijibu.

Kosa ni langu, kwa sababu barua niliyomwandikia ilimwomba aje "azungumzie fursa", naye akafanya nilichomwomba. Nimeiandika upya barua ya mwaliko. Kuanzia sasa kila msemaji anaombwa alete kazi moja aliyoifanya kwa mikono yake, aonyeshe data zake zilikuwa na sura gani zilipomfikia, aeleze uamuzi mmoja uliomsumbua, na akubali kusimulia mahali alipokosea. Pia nimegeuza uwiano wa ratiba: mihadhara itakuwa mitatu, warsha tano, na siku ya mwisho itakuwa ya washiriki wenyewe kuwasilisha kazi.

8 Machi

Kwa kuwa tuko ndani ya mfungo wa Ramadhani, tumeanza mapema zaidi na kumaliza kabla ya adhuhuri, na chai imeahirishwa hadi mwezi ujao.

Msemaji wa leo ni mtafiti wa magonjwa ya mazao, na barua mpya imezaa matunda. Aliingia na mfuko wa rambo, akatoa majani ya mihogo na kuyapanga juu ya meza ya mbele kabla hata hajawasha kompyuta. Aliwaita wanafunzi wasogee. Jani moja lilikuwa limejikunja na kuwa na mabaka ya njano yaliyoingiliana na kijani. Hilo lilikuwa la batobato, na wengi walilitambua. La pili lilionekana zima mpaka lilipoinuliwa kuelekea dirishani, ndipo unjano hafifu ulipoonekana ukifuata vishipa vya jani. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao hasara yake kubwa huonekana mzizi ukishakatwa, na mkulima akakuta ndani yake madoa makavu ya rangi ya kutu. Jani la tatu lilikuwa limeshambuliwa na utitiri wa kijani, na nusu ya darasa walisema ni batobato.

Kisha akauliza: ikiwa ninyi mlioshika jani mkononi mmekosea, mnaitegemea vipi picha iliyopigwa kwa simu saa saba mchana, jua likiwa kali na kivuli cha mpigaji kikiwa kimeangukia jani? Hapo ndipo alipoanza kueleza namna mifumo ya kutambua magonjwa kwa picha inavyotengenezwa, akichukua mfano wa Nuru, programu ya simu ya PlantVillage iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki. Programu hiyo hutambua magonjwa hayo mawili na madhara ya utitiri, na hufanya kazi hata pasipo na mtandao. Alisisitiza jambo moja ambalo wanafunzi wa kompyuta walikuwa hawajalifikiria: kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kukubaliana juu ya jina la kuipa kila picha, maana wataalamu wawili wakisimama mbele ya jani lile lile wanaweza kutofautiana, na modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha hizo, haiwezi kuwa na uhakika kuliko watu walioifundisha.

Alipoulizwa kuhusu ajira, alisema kwamba yeye hakuajiriwa kwa sababu anajua kuunda modeli, kwani wapo wanaomzidi sana kwa hilo, bali kwa sababu anaweza kukaa na bwana shamba asubuhi na mtaalamu wa programu jioni, na wote wawili wakamwelewa. Nimeliandika neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

15 Machi

Warsha ya kwanza ilihusu kurudia matokeo ya watu wengine. Ni siku ambayo tumepata zaidi ya tulivyotarajia, na nitaieleza kwa urefu.

Tulianza na kisa kinachojulikana. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala ambayo ndani yake nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilionekana kuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia hasi 0.1 kwa mwaka katika kipindi cha baada ya Vita Kuu ya Pili. Makala hiyo ilinukuliwa sana na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia matokeo ya makala iliyokwisha kuchapishwa. Alichagua hii, akashindwa kuyafikia matokeo yake. Aliwaandikia waandishi, nao wakampatia faili lao la Excel, jambo linalostahili kutajwa kwa heshima kwa sababu wengi hawalifanyi. Ndani ya faili hilo aliona kwamba fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, ilhali data ziliendelea hadi wa 49, na kwa hiyo Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zilikuwa zimeachwa nje. Akishirikiana na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, alionyesha kwamba wastani uliorekebishwa ni asilimia 2.2.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha fomula iliyovutwa pungufu, nami nilitaka wanafunzi wasikiishie hapo, kwa kuwa kosa hilo la Excel lilichangia takriban nukta 0.3 tu za asilimia katika tofauti yote ya nukta 2.3. Sehemu kubwa ilitokana na data zipi ziliingizwa na kila nchi ilipewa uzito gani. Uingereza ilikuwa na miaka 19 ya deni kubwa, ikiwa na ukuaji wa wastani wa asilimia 2.4. New Zealand ilibaki na mwaka mmoja tu, 1951, wenye ukuaji wa asilimia hasi 7.6, kwa sababu miaka yake ya 1946 hadi 1949 haikuingizwa. Niliandika namba hizo mbili ubaoni na kuwaomba wazifanyie hesabu kwa karatasi, kompyuta zikiwa zimefungwa. Ukizipa nchi hizo mbili uzito sawa, unapata hasi 2.6. Ukihesabu kila mwaka kwa uzito sawa, unazidisha 2.4 kwa 19, unapata 45.6, unatoa 7.6, unagawa kwa 20, unapata 1.9. Namba ni zile zile, lakini jibu moja linasema uchumi unazama na lingine linasema unakua.

Chumba kilichangamka. Mwanafunzi mmoja wa uchumi alisimama kutetea uzito wa nchi, akisema kwamba miaka 19 ya nchi moja inafanana sana yenyewe kwa yenyewe na haiwezi kuhesabiwa kama ushahidi 19 unaojitegemea. Hoja yake ni nzito, na waandishi nao waliutetea uzito wa nchi walipojibu. Mwenzake wa takwimu alikubali hoja, lakini akauliza kwa nini basi mwaka mmoja wa msukosuko uwe na sauti sawa na miongo miwili. Hawakukubaliana, nami sikuwalazimisha. Nilichotaka waondoke nacho ni kwamba uamuzi wa namna hiyo lazima uandikwe mahali ambapo msomaji atauona.

Baada ya mapumziko kila mmoja alifungua faili la utafiti wake, akabadilishana na jirani. Kanuni ilikuwa moja: jirani anajaribu kuifikia namba moja iliyomo katika rasimu ya tasnifu kwa kutumia faili peke yake, bila kuuliza. Kati ya jozi saba, mbili tu zilifaulu kwa saa moja. Dada mmoja wa demografia alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Jirani yake alikuwa amegundua kwamba safu ya umri katika faili lake ilipangwa upya kuanzia mdogo hadi mkubwa, huku safu ya namba za kaya ikibaki ilivyokuwa, hivyo kila umri ulikuwa umehamia kwa mtu mwingine. Faili la awali lilikuwepo kwenye flash nyumbani. Alikuwa amebakiza wiki tano awasilishe sura hiyo kwa msimamizi wake.

Nilimwambia, na ninaandika hapa ili nikumbuke kuliambia kila kundi litakalokuja, kwamba kosa lililoonwa Machi na rafiki ni afadhali kwa mbali kuliko litakaloonwa Septemba na mtahini. Tulimaliza kwa kukumbushana kwamba wakubwa nao hukwama: mwezi Oktoba 2020 ilibainika kwamba maambukizi 15,841 ya Uviko-19 huko Uingereza yalikuwa yamekosa kuingia katika hesabu za kila siku, kwa kuwa muundo wa zamani wa faili za Excel hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ilikatwa bila onyo. Mwanafunzi wa vinasaba aliongeza la kwao, kwamba jini lililoitwa MARCH1 lilibadilishwa jina na kuwa MARCHF1 mwaka huo huo kwa sababu Excel ililigeuza kila mara kuwa tarehe.

29 Machi

Hapakuwa na kikao. Sikukuu ya Idi inakaribia na wengi wamesafiri. Nimeitumia siku kuandaa folda ya pamoja yenye kiolezo cha mradi mmoja mmoja: mahali pa data ghafi zisizoguswa, mahali pa msimbo (maagizo ya programu), mahali pa matokeo, na faili moja la maelezo linaloandikwa kwa lugha ya kawaida.

12 Aprili

Warsha ya wasifu na barua ya maombi. Tulifanya kazi mstari kwa mstari. Ninanukuu mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, kama ulivyokuwa mwanzo: "Nina uzoefu wa kuchambua data kubwa kwa kutumia Python na ujifunzaji wa mashine." Baada ya dakika arobaini za kuulizana maswali, ulisomeka hivi: "Nilichora ramani za mafuriko ya Bonde la Msimbazi kwa picha za rada za setilaiti, nikazilinganisha na maeneo ambayo wakazi walinionyesha kwa miguu, na kueleza ni aina gani ya mitaa ambayo picha hazikuweza kuonyesha maji." Rada ilitumika kwa sababu hupenya mawingu, na wakati wa masika ndipo mawingu hukaa juu ya jiji siku nyingi. Ukimwomba aeleze, anaeleza kwa dakika kumi bila kutazama karatasi, na hata hivyo hakuna lililokuwa kwenye wasifu wake wa kwanza. Alikuwa akidhani kwamba kutembea Jangwani na Kigogo akiwauliza wazee maji yalifika wapi si sehemu ya sayansi ya data.

Wapo walioogopa kutaja mahali ambapo njia yao ilishindwa. Ninaielewa hofu hiyo, lakini nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa, na mwombaji anayejua mpaka wa kazi yake ndiye ninayemwamini na data za watu.

3 Mei

Leo zoezi lilikuwa kueleza utafiti kwa Kiswahili, kwa dakika tatu, mbele ya mtu aliyejifanya afisa mipango wa halmashauri. Nililipendekeza kwa sababu matokeo mengi ya tafiti zetu huishia kwenye vikao vya wilaya, ambako uamuzi wa kupeleka dawa, mbegu au vitabu hufanywa na watu wanaojadiliana kwa Kiswahili kuanzia dua ya kufungua kikao hadi yatokanayo.

Ilikuwa ngumu kuliko warsha zote. Watu wanaoandika tasnifu zao kwa Kiingereza kwa ufasaha walijikuta wakisimama katikati ya sentensi. Ugumu mkubwa haukuwa istilahi, maana wastani, sampuli na makadirio yanajulikana. Ulikuja pale mtu alipotakiwa kueleza wazo ambalo kwa Kiingereza alikuwa amelikariri bila kulielewa sawasawa. Mfano ni thamani ya p. Wa kwanza alisema "ni uwezekano wa matokeo kuwa sahihi", na hilo si kweli. Wa pili alisema "inaonyesha umuhimu", na afisa wetu akauliza umuhimu kwa nani. Baada ya majaribio kadhaa, mwanafunzi wa epidemiolojia alisema polepole, akihesabu kwa vidole: "Tuseme dawa hizi mbili hazitofautiani hata kidogo. Je, katika majaribio mia moja ya namna hii, ni mara ngapi bahati tupu ingetuletea tofauti kubwa kama tuliyoiona, au kubwa zaidi?" Palikuwa na ukimya, kisha mmoja wao wa sayansi ya kompyuta akasema kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza ameelewa.

Msimamizi mmoja alikuja leo bila taarifa. Nilimwamkia, "Shikamoo Profesa," naye akaitika na kukaa kiti cha nyuma. Alikuwa ameniandikia mwezi uliopita kulalamika kwamba warsha zinawapotezea wanafunzi wake muda wa tasnifu. Baada ya kikao tulizungumza nje kwa muda. Hakubadili msimamo wake kuhusu muda, na nimekubali kwamba ana haki: mwanafunzi asiyemaliza tasnifu hana wasifu wa kuandika. Tumekubaliana kwamba mwezi Juni na Julai tutakutana mara moja moja tu.

17 Mei

Warsha ya sheria na maadili ya data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia, lakini washiriki wengi walikuwa hawajawahi kuisoma. Walifahamu kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wa afya walifahamu kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Waliona kwamba vibali vikishapatikana mambo yamekwisha. Tulisoma sehemu zinazohusu taarifa nyeti, zikiwemo za afya, na masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, ambayo yanamgusa yeyote anayepakia data kwenye seva iliyo ng'ambo.

Kisha nikawaomba wafungue folda ya vitu vilivyopakuliwa kwenye kompyuta mpakato zao na kutafuta faili lolote lenye majina ya watu. Wanne walipata. Mmoja alikuwa na orodha ya wagonjwa yenye namba za simu, aliyotumiwa kwa barua pepe miaka miwili iliyopita na mtu aliyetaka kumsaidia. Tulishughulikia kila faili pale pale: lipi lifutwe, lipi lihamishiwe mahali penye nenosiri, na nani ajulishwe.

Swali gumu zaidi lilikuwa la taaluma: mwajiri anataka kuona kazi yangu, na data zangu ni siri, nionyeshe nini? Jibu tulilolifikia ni kutengeneza data za kubuni zenye safu zile zile na kasoro za aina ile ile, kutangaza wazi kwamba ni za kubuni, na kuonyesha msimbo ukifanya kazi juu yake. Watatu wameahidi kufanya hivyo kabla ya usaili wa mazoezi.

31 Mei

Usaili wa mazoezi, jopo la watu watatu, dakika ishirini kila mmoja. Niliandaa jedwali dogo la kubuni la wagonjwa wa malaria walioripotiwa kwa mwezi katika zahanati nane, kwa mfano wa taarifa zinazokusanywa vituoni kupitia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya. Katika baadhi ya seli niliandika sifuri, na nyingine nikaziacha tupu.

Kijana wa kwanza, mwenye ujuzi mkubwa wa programu, alijaza sifuri kwenye seli zote tupu kwa mstari mmoja wa msimbo, akachora grafu safi, akatangaza kwamba malaria imepungua mwezi Aprili. Mjumbe wa jopo alimuuliza: "Aprili barabara za huko zinapitika?" Alitazama skrini, akatazama jedwali, akashika kichwa. Zahanati tatu zilikuwa hazijaleta taarifa kabisa. Sifuri inasema tulihesabu na hatukumwona mgonjwa. Seli tupu inasema hatujui. Kuchanganya mambo hayo mawili kunaweza kusababisha dawa zipelekwe mahali pasipohitajika, na watoto wa kijiji kilichofungiwa na matope wakakosa. Kijana huyo aliomba kurudia zamu yake mwishoni, na mara ya pili alianza kwa kuuliza maswali manne kabla ya kugusa kibodi.

28 Juni

Mhadhara wa tatu na wa mwisho, kuhusu mahali kazi zilipo. Msemaji ni mtakwimu wa muda mrefu katika utumishi wa umma. Jambo lenye manufaa zaidi alilolisema lilikuwa rahisi: matangazo mengi ya kazi hapa nchini hayatumii jina la mwanasayansi wa data. Anayetafuta jina hilo kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anaweza kudhani hakuna kitu, wakati kazi zenyewe zinatangazwa kama Mtakwimu Daraja la II, Afisa TEHAMA, au, kwa upande wa mashirika, afisa ufuatiliaji na tathmini na msimamizi wa data. Alishauri wasome majukumu yaliyoorodheshwa na si kichwa cha tangazo.

Tulizungumzia pia mikusanyiko ya barani ambayo wanafunzi wanaweza kujiunga nayo. Data Science Africa ilianza na mafunzo ya Nyeri, Kenya, mwaka 2015, na mwaka 2017 ilikuwa Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela. Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017, na mwaka 2019 ilifanyika Nairobi. Kwa mpango wetu nimevutiwa zaidi na mtandao wa H3ABioNet, ulioanza mwaka 2012 na kufundisha bioinfomatiki (uchambuzi wa data za baiolojia kwa kompyuta) katika nchi nyingi za Afrika kwa utaratibu wa madarasa ya mbali: mihadhara inarekodiwa, inapakuliwa mapema, na kila mji una chumba chenye wasaidizi wanaokaa na wanafunzi. Kwa njia hiyo, intaneti ikikatika somo haliharibiki. Ninapenda kuujaribu utaratibu huo na wenzetu wa Dodoma na Mwanza katika awamu ya pili, kwa warsha ya kurudia matokeo kwanza.

26 Julai

Siku ya washiriki. Kila mmoja alipewa dakika kumi na kutakiwa aonyeshe swali, data, jibu, na mahali jibu linapoishia. Waalikwa walikuwa wasimamizi na watu wachache kutoka taasisi zinazoajiri. Umeme ulikatika saa nne na robo, jenereta ikachukua muda, na wawili waliwasilisha kwa ubao na chaki. Mmoja wao alikuwa wa ramani za Msimbazi, ambaye aliuchora mto kwa mkono na kuonyesha mitaa ambayo nyumba zimebanana mno kiasi kwamba rada haioni maji kati yake.

Dada wa demografia aliwasilisha sura yake iliyosahihishwa, na akaanza kwa kueleza kosa la mwezi Machi, jinsi lilivyopatikana, na kipimo alichokiweka kwenye msimbo ili lisijirudie. Sikumwomba afanye hivyo. Profesa aliyekaa nyuma mwezi Mei alikuwa wa kwanza kumuuliza swali, na swali lilikuwa kama anaweza kuwapa wanafunzi wake kipimo hicho.

Wa mwisho alikuwa wa isimu. Alicheza sauti mbili zikisoma sentensi ile ile: ya kijana wa Dar es Salaam na ya mwanamke mzee wa Pemba. Modeli iliyofundishwa kugeuza sauti kuwa maandishi iliandika ya kijana bila kosa, na ya mama ikaivuruga katika maneno matano kati ya kumi na moja. Aliyaorodhesha matano hayo ukutani, akaeleza kila moja lilikosewa kwa sababu ya sauti ipi, na akasema kwamba sampuli yake ina wazee wachache mno kuweza kudai lolote kuhusu Kipemba kwa ujumla. Mgeni mmoja aliuliza angehitaji nini ili aweze kudai. Alijibu papo hapo: wazungumzaji wangapi, wa umri gani, kutoka vijiji vya kaskazini na kusini mwa kisiwa, na kwa nini wasimulie hadithi badala ya kusomeshwa sentensi, kwa kuwa wengi wa wazee hao husoma kwa herufi za Kiarabu. Mgeni aliandika kila kitu, na wamepanga kukutana Jumatano.

Yanayobaki mikononi mwangu ni haya: ripoti ya fedha inapelekwa wiki ijayo, folda ya pamoja imekabidhiwa kwa washiriki wawili watakaoitunza, na barua ya kuomba chumba kwa Jumamosi za kuanzia Novemba imeshafika ofisini. Nimeomba chumba chenye ubao mkubwa.